Kuvuta pikapu nyuma ya gari-nyumba, matairi yote manne chini

Mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu alikuja gereji kwangu hapa Tanga na Fuso lake alilolijengea nyumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji. Alitaka kwenda nalo hadi Mombo, aliegeshe pale, kisha apande Lushoto na pikapu, maana kona za Soni si za gari refu namna ile. Pikapu ni Hilux ya zamani, manyuo, yenye transfa ya mkono, yaani kisanduku kinachogawa nguvu kwa matairi ya nyuma na ya mbele. Akaniuliza, "Fundi, si naifunga nyuma, naweka nyutro, naondoka?"

Nikamjibu, "Hapana mzee wangu, hiyo nyutro ndiyo inayoua." Tulishinda naye siku nzima, na nimeandika tulivyofanya kwa ajili ya mwingine mwenye mpango kama wake.

Hatua ya 1: Uzito

Hilux ya zamani ikiwa tupu ina kama tani 1.5 hadi 1.8. Soma kitabu cha gari linalovuta uone linaruhusiwa kuvuta kiasi gani kama kinachovutwa hakina breki zake, na usikadirie kwa macho. Fuso lina uzito wa kutosha na breki ya ekzosi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi nalo. Kwa Noah au Hiace iliyotengenezwa ya kulala, mimi sikufungii. Na pikapu isafiri tupu. Mzee alitaka kuijaza magunia ya nazi za kuwapelekea wajukuu, tukayahamishia kwenye Fuso.

Hatua ya 2: Chuma cha kuvutia

Kamba hapana, hata iwe ya meli. Kamba inataka dereva nyuma, na breki ikikamatwa pikapu inakuja moja kwa moja. Unahitaji chuma chenye umbo la herufi A: ncha mbili zinafungwa kwenye chasisi ya pikapu, ncha moja kwenye mpira wa chuma wa kuvutia ulio nyuma ya gari la mbele. Nasema chasisi, si bampa. Bampa la Hilux limeshikwa na mabano mepesi ambayo hayakutengenezwa kwa kazi hii.

Nimeona vyuma vilivyochomelewa kwa mabomba ya maji. Sivifungi, hata mteja akikasirika. Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani au zaidi, na nati zinazojifunga. Chuma kikishafungwa kilale sawa na ardhi. Kikiinuka au kushuka sana, ukikanyaga breki pikapu itasukuma ikitaka kupanda au kujipenyeza chini. Halafu weka cheni mbili, zipishane kama X chini ya chuma, ziwe na ulegevu wa kukatia kona tu.

Hatua ya 3: Giaboksi, transfa na propela

Hapa tutulie, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu mali ya mtu.

Miaka kadhaa nyuma nilivuta pikapu ya mteja kutoka Korogwe kuja Tanga. Giaboksi niliweka nyutro, transfa nikaiacha kwenye H2 (nguvu kwa matairi ya nyuma tu), nikaamini inatosha. Tulipopita Muheza nikasikia harufu ya oili iliyoungua. Nilisimama Pongwe, nikagusa giaboksi, sikuweza kuushikilia mkono pale. Tulipoifungua, beringi za shafti ya juu zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu. Siku tatu nilizunguka kutafuta giaboksi iliyotumika, na gharama niliibeba mimi.

Sababu yake ni hii. Kwenye giaboksi nyingi za manyuo, oili hurushwa juu na gia za shafti ya chini, na shafti hiyo inazungushwa na injini. Injini ikizimwa na ukaweka nyutro, shafti ya chini inasimama. Lakini matairi ya nyuma bado yanazungusha difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma), difu inazungusha propela (shafti ndefu iliyo chini ya gari), propela inazungusha shafti ya juu. Kwa hiyo shafti ya juu inakimbia bila oili kilomita hadi kilomita. Kuvuta mtaa wa pili haitaleta shida. Kuvuta hadi Mombo ni kuiua.

Kuna njia mbili za kuikinga.

Ya kwanza ni kuweka transfa yenyewe kwenye N, kama gari lina mkono wenye H2, H4, N na L4. Hapo giaboksi inatengwa na matairi. Ila kuna masharti. Kitabu cha gari lako kiruhusu, kwa sababu ndani ya transfa pia kuna vitu vinavyozunguka, na si kila transfa inajilainisha ikivutwa. Hakikisha N ni N kweli: washa injini, ingiza gia ya kwanza, achia klachi polepole. Gari lisisogee hata kidogo. Rudia kwa rivasi. Mkono uliochakaa unaweza kusimama karibu na N ukadhani umefika. Magari mapya yenye swichi ya kuzungusha badala ya mkono mara nyingi hayana N kabisa.

Ya pili, ambayo naipenda na ndiyo tuliyoifanya, ni kuvua propela ya nyuma. Hilux hii ina flanji ncha zote mbili, bolti nne kila upande, spana 14. Kabla ya kulegeza chochote:

- Weka mawe au vigingi kwenye matairi na vuta hendibreki. Propela ikitoka, gia haishiki tena gari. Ukisahau hili linaweza kukukanyaga ukiwa chini yake.
- Piga alama ya rangi kwenye flanji na kwenye propela, ncha zote mbili. Ukirudisha imegeuka, gari litatetemeka njia nzima na utatafuta ugonjwa kwenye matairi.
- Kama pikapu ina nguvu kwenye matairi mawili tu, isiyo na transfa, propela yake mara nyingi imechomekwa ndani ya mkia wa giaboksi. Ukiivuta oili inamwagika. Tafuta kifuniko kwanza.

Habu za mbele (vitovu vya matairi) zikiwa za kuzungusha kwa mkono, ziweke FREE, zote mbili. Pikapu ya otomatiki siivuti matairi chini bila kuvua propela, kwa sababu pampu ya oili inategemea injini. Na gari ambalo matairi yote manne yana nguvu muda wote, tafuta la kulibeba mgongoni.

Hatua ya 4: Stelingi

Ufunguo ubaki umezungushwa hadi stelingi iachie. Ukiuchomoa, stelingi inajifunga na matairi ya mbele yanaburuzwa kwenye kona. Ili betri isiishe, tulichomoa terminali ya hasi. Kwenye gari hili la zamani kufuli la stelingi ni la chuma, halijali umeme. Kagua pia tairodi (vyuma vinavyogeuza matairi ya mbele): zikiwa na mchezo, pikapu itayumba kama mkia.

Hatua ya 5: Taa

Betri imechomolewa, kwa hiyo taa za pikapu hazifanyi kazi. Tulifunga ubao wa taa nyuma yake na waya kutoka soketi ya Fuso: breki, indiketa, taa za usiku. Mtu mmoja asimame nyuma azikague.

Hatua ya 6: Barabarani

Achia hendibreki.

Sheria inayapa magari mazito kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Mimi nilimwomba mzee asizidi 60, kwa sababu pikapu haina breki na inamsukuma. Kona aichukue kwa upana, maana pikapu inakata ndani.

Kurudi nyuma marufuku kabisa. Matairi ya mbele yanajigeuza upande, chuma kinapinda, na tairodi zinafuata. Ukiingia kituo cha mafuta usipoweza kutoka mbele, fungua pikapu kwanza. Vivyo hivyo kwenye mchanga mzito wa pwani, matairi yakizama yanajikunja.

Simama baada ya kilomita 2, kisha Pongwe, kisha Muheza. Kagua bolti, cheni, pini. Gusa rimu zote nne za pikapu: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki imeshika au beringi inakufa.

Hatua ya 7: Mombo

Vigingi kwanza, hendibreki, ndipo ufungue chuma. Rudisha propela kwa kufuata alama za rangi, kaza bolti zote nane, rudisha terminali, jaribu breki injini ikiwa inawaka. Mzee alinipigia simu akiwa Soni, akasema gari limetulia. Nilimwomba akifika Lushoto aingie tena chini na spana 14, azikague zile nane.