Kabla Hujampandisha Sungura Wako, Weka Haya Tayari

Kama umenunua jike juzi na leo unatafuta dume, tulia kwanza. Mimba ya sungura ni siku 31, siku moja mbele au nyuma, na mwezi huo huisha kabla fundi hajakuletea hata sanduku la kuzalia uliloagiza. Kila kitakachohitajika siku ya kuzaa kiwe nyumbani kabla jike hajaonana na dume.

Umri: jike wa aina ya New Zealand White au California asipandwe kabla ya miezi mitano, na akifika sita ni bora zaidi. Wa aina kubwa ya Flemish Giant mngoje afikishe minane au tisa. Afya: mwenye ukoko masikioni, vidonda vya nyayo au mafua atibiwe kwanza, na aliyenenepa kupita kiasi apunguzwe chakula, maana mafuta humzuia kushika mimba. Ukoo: uliza dume alizaliwa wapi. Hapa Nairobi tunauziana sungura watu walewale, na ni rahisi kumpandisha dada na kaka bila kujua.

Siku yenyewe, jike ndiye hupelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwake, jike hulinda kibanda chake na anaweza kumjeruhi. Simama hapo uangalie. Dume akimaliza huanguka ubavu, mara nyingi kwa mlio mdogo. Usiwaache pamoja usiku kucha, kwa sababu asubuhi hutakuwa na tarehe ya kuandika, na tarehe ndiyo inayoendesha shughuli yote. Iandike kwenye daftari. Chaki ukutani hufutika na kichwa husahau.

Hesabu iko hivi: ukimpandisha tarehe 1 Juni, tarajia watoto tarehe 2 Julai, na sanduku la kuzalia liingie kibandani tarehe 29 Juni. Likiingia mapema mno ataligeuza choo. Likichelewa atazalia kwenye waya. Watoto huzaliwa bila manyoya na macho yamefumba, na usiku wa Julai jijini hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Sungura si paka. Mtoto akianguka nje ya kiota, mama hambebi kumrudisha. Sanduku la futi moja na nusu kwa futi moja linatosha, lenye matundu madogo chini ya kutoa mkojo. Tandika maranda makavu ya mbao isiyopakwa dawa, juu yake nyasi kavu. Manyoya atajinyonyoa mwenyewe tumboni.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usipandishe jike mmoja peke yake. Pandisha wawili siku moja, au wapishane siku moja tu. Kama una mmoja, tafuta jirani mwenye jike, mkubaliane tarehe kabla.

Mwaka wangu wa kwanza, nikiishi Kangemi, nilikuwa na jike mmoja. Alizaa wanane, wote hai, kiota kimejaa manyoya meupe, nami nikaona mambo ni mepesi. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amelala ubavu, amekauka. Daktari wa mifugo aliniambia huenda mtoto mmoja alibaki tumboni. Nikabaki na watoto wanane wasio na mama.

Nilikwenda kioski nikanunua maziwa ya ng'ombe, nikayapasha moto, nikawanywesha mmoja mmoja kwa bomba la sindano. Matumbo yalijaa nikafurahi. Jioni wawili walikuwa wanatokwa maziwa puani. Kulipokucha watatu walikuwa wamekufa, na kabla ya saa sita wengine wawili wakafuata wakiwa wanaharisha. Ndipo nilipompigia mzee wa Kahawa West aliyeniuzia jike.

"Mwanangu, yule wa pili uliyempandisha pamoja naye amezaa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna wa pili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi acha hayo maziwa. Wangu amezaa juzi, ana watano tu. Niletee."

Niliwatia kwenye katoni ya viatu pamoja na manyoya ya mama yao na chupa ya maji ya moto niliyoifunga kwa kitambaa, nikapanda matatu. Waiyaki Way ilikuwa imeziba. Njia nzima mkono wangu ulikuwa ndani ya katoni, nikiwahesabu kwa vidole: watatu, watatu, watatu. Kabla hatujafika mjini mmoja aliacha kusogea. Wawili waliofika mzee aliwapasha joto kwanza mikononi, kwa sababu mtoto aliyepoa hawezi kunyonya. Alimtoa jike wake kibandani, akawasugua wageni kwa manyoya ya kiota chake, akawafukia katikati ya wale watano, na jike akarudishwa jioni. Asubuhi alinipigia: wote saba matumbo yamejaa. Wale wawili walikua.

Kilichowaua wenzao ni mimi, kwa haraka yangu. Maziwa ya sungura yana mafuta na protini zaidi ya mara tatu ya ya ng'ombe, na kichanga ukimsukumia maziwa kwa nguvu huingia mapafuni. Jike wa pili angewaokoa karibu wote. Faida haiko kwenye msiba tu, maana mmoja akizaa kumi na moja na mwenzake wanne, unawagawa upya. Jike wengi wana matiti manane hadi kumi, kwa hiyo zaidi ya hapo wadogo husukumwa pembeni. Watoto unaowahamisha wasipishane na wenyeji kwa zaidi ya siku tatu, la sivyo wakubwa watawazidi nguvu.

Jambo jingine linalowatia watu hofu: hutamwona mama akinyonyesha. Huingia kiotani mara moja kwa siku, pengine mara mbili, dakika tatu hadi tano, mara nyingi alfajiri. Mchana hukaa mbali kabisa. Hajawatupa. Nawa mikono, uwaguse kila asubuhi: tumbo la duara ameshiba, ngozi yenye mikunjo ana njaa. Aliyekufa mtoe siku hiyohiyo. Macho hufunguka kati ya siku ya kumi na ya kumi na mbili, na kuwaachisha kunyonya kungoje wiki tano au sita.

Maji yasikauke hata saa moja; jike anayenyonyesha hunywa lita moja kwa siku na zaidi, na akizaa akiwa na kiu anaweza kula watoto wake. Sukuma wiki inyaushwe kivulini kwanza. Majani ya avokado usimpe, ni sumu, na ploti nyingi zina mti huo juu ya kibanda, kwa hiyo angalia yanayodondoka. Miguu ya kibanda isimame kwenye mikebe ya oili chafu kwa ajili ya siafu, waya uwe na matundu madogo panya asipite, mbwa wa jirani asifike hata kunusa. Weka namba ya daktari wa mifugo kwenye simu leo. Watoto wa nyumbani waambiwe mapema kwamba kiota hakichunguliwi na kila mgeni. Na kama wiki hiyo kuna kesha ya kanisa au mjengo karibu nawe, funika kibanda kwa magunia upande wenye kelele, jua likiwa bado halijatua.