Xfce kwenye kompyuta za steshenari: ninayomfundisha kila anayeanza kazi kwangu

Nina steshenari karibu na stendi, hapa Morogoro. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunawajazia watu fomu za ajira na za vyuo mtandaoni. Kompyuta zetu ni za mtumba, nyingine zina RAM ya GB 2 tu, na zote zinatumia Debian, aina ya Linux (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo), yenye Xfce, yaani programu inayokupa madirisha, menyu na paneli kwenye skrini. Olivier Fourdan aliianzisha Xfce mwaka 1996, na hadi leo imebaki nyepesi. Vijana wanaokuja kufanya kazi kwangu wamezoea Windows, kwa hiyo siku ya kwanza wanatafuta kila kitu kwenye menyu. Mimi nawaambia waache menyu kwanza, washike Alt, gurudumu la kipanya na kitufe cha kulia. Humo ndimo kazi inamorahisishwa.

Anza na Alt. Skrini zetu ni ndogo, na mara nyingi kichwa cha dirisha kinajificha huna pa kulishikia. Bonyeza Alt bila kuachia, bofya popote ndani ya dirisha, kisha buruta: dirisha litakufuata. Ukitumia kitufe cha kulia badala ya cha kushoto, unalipanua au kulipunguza. Ukizungusha gurudumu juu ya kichwa cha dirisha, linajikunja na kubaki kichwa peke yake, unasoma kilicho nyuma yake, halafu unalikunjua.

Kunakili na kubandika ndiko kunakookoa muda mwingi zaidi kwenye fomu. Linux ina sehemu mbili za kuhifadhi ulichonakili, na haziingiliani. Ya kwanza ni ile ya Ctrl+C na Ctrl+V. Ya pili haihitaji kitufe chochote: chagua maneno kwa kipanya, nenda unakotaka, bonyeza gurudumu, yanabandikwa. Kwa hiyo namba ya mtihani ya mteja nakili kwa Ctrl+C, jina lake lichague tu kwa kipanya, kisha nenda kwenye fomu ubandike vyote viwili bila kurudi nyuma. Ila usifunge waraka ulikochagua kabla hujabandika, maana maneno yanaweza kupotea nao.

Ukiweka programu ndogo iitwayo Clipman kwenye paneli, ule upau wenye menyu na alama za programu, itakumbuka ulivyonakili. Inafaa sana, lakini hapa nakuwa mkali: mle ndani kunabaki namba za NIDA, namba za simu, pengine hata nywila za watu. Mteja akimaliza, futa historia ya Clipman kabla hajainuka kwenye kiti. Watu wametuamini na mambo yao.

Sasa maeneo-kazi, yaani meza kadhaa za madirisha kwenye skrini moja. Xfce inakupa zaidi ya moja, unahama kwa Ctrl+Alt na mshale wa kushoto au kulia, au kwa kuzungusha gurudumu mahali patupu kwenye picha ya nyuma. Kwetu kila mteja ana eneo-kazi lake. Mama anayesubiri ujumbe wa kuthibitisha namba ya simu, fomu yake inabaki wazi pale pale. Wewe unahamia eneo la pili kumchapia mzee barua ya kijiji, ujumbe ukiingia unarudi. Mteja mmoja haoni karatasi za mwingine, na hakuna dirisha linalofungwa kwa bahati mbaya. Maeneo yasipotosha, Alt+Insert inaongeza jingine.

Thunar, programu ya mafaili, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tukiskani vyeti, skana inavipa majina yasiyoeleweka. Chagua mafaili yote, bonyeza F2, na dirisha la kubadili majina kwa pamoja linafunguka: unaweka jina la mteja na namba zinazofuatana, unaona majina mapya kabla ya kukubali.

Kisha fungua Edit, halafu Configure custom actions. Hapo unaongeza amri yako mwenyewe kwenye menyu ya kubofya kulia. Mifumo mingi ya maombi inakataa PDF kubwa, na sisi tuna amri tuliyoiita «Punguza PDF», inayotumia programu ya Ghostscript (gs):

gs -q -dNOPAUSE -dBATCH -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -sOutputFile=%d/ndogo.pdf %f

Hiyo %f ni faili ulilobofya, %d ni folda lilimo. Picha ndani yake zinashushwa hadi takriban nukta 150 kwa inchi (dpi), na cheti kinasomeka bado. Ukiandika /screen badala ya /ebook faili linakuwa dogo zaidi, ila mihuri inafifia, kwa hiyo kwa vyeti siitumii. Badili jina la ndogo.pdf mara tu likitoka, la sivyo la mteja anayefuata litaandikwa juu yake. Ya pili inageuza Word kuwa PDF kwa kutumia LibreOffice, programu yetu ya kuandikia nyaraka:

soffice --headless --convert-to pdf --outdir %d %F

Herufi kubwa, %F, maana yake mafaili yote uliyochagua. Nafunga LibreOffice kwanza kabla ya kuitumia. Kwenye kichupo cha Appearance Conditions weka alama kuonyesha amri ihusu mafaili ya aina gani, vinginevyo haitatokea kwenye menyu unapoihitaji.

Flashi za wateja zina maneno yake. Mtu anakuja amekata tamaa, kwenye Windows anaona njia za mkato tu na folda zake zimetoweka. Asikubali kuifomati. Mara nyingi kirusi kimezificha tu, na Thunar inazionyesha kama kawaida, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Bonyeza Ctrl+H uone na zile zinazoanza na nukta. Nakili nyaraka zake peke yake, mafaili ya .lnk na .vbs yaache, na umweleze kwamba kompyuta yake bado ina kirusi. Na flashi isichomolewe kabla ya kubofya alama ya kuitoa. Linux hushikilia data kwenye kumbukumbu kabla ya kuiandika, kwa hiyo dirisha la kunakili linaweza kufungwa kazi ikiwa haijaisha. Mwambie mteja mwenye haraka asubiri.

Paneli ikipotea usizime mashine. Bonyeza Alt+F2, andika xfce4-panel, Enter. Mashine ikiwa nzito, fungua Window Manager Tweaks na uzime Compositor. Vivuli vinaondoka, wepesi unarudi. Unapotoka, ondoa alama ya kuhifadhi kikao, madirisha ya jana yasifunguke leo.

Amri zako za Thunar zimo kwenye faili moja, ~/.config/Thunar/uca.xml. Ukipata kompyuta nyingine, andika thunar -q kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ili Thunar ifungwe kabisa, nakili faili hilo mahali pale pale, fungua Thunar, na «Punguza PDF» utaikuta kwenye menyu.