Piga picha kwanza, ugomvi baadaye: mzigo usipofika na wateja wakiibwa

Nauza viungo kwa jumla hapa Ngamiani, Tanga. Pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu, vingi vinashuka kutoka milima ya Amani kupitia Muheza. Mwaka 2023 niligeukwa mara mbili ndani ya miezi minne. Kwanza dalali niliyempa arubuni ya kilo 400 za pilipili manga aliuza mzigo wangu kwa mtu aliyemwongezea bei. Halafu kijana wangu wa dukani akaacha kazi, na wiki ya pili wateja wangu wa Dar es Salaam wakaanza kupata ujumbe kwamba namba yetu ya malipo imebadilika.

Kosa langu la siku ya kwanza ndilo linalonifanya niandike. Nilimpigia dalali nikafoka. Nilipokata simu, nikaona meseji zake za juzi na jana zinafutika mojamoja WhatsApp, na humo ndimo alimokiri kwamba mzigo uko ghalani kwake, kavu, umeshapimwa. Nilikuwa nimeshika ushahidi mkononi, nikauchoma kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo ukigundua umevunjiwa mkataba, usimpigie mtu. Piga picha skrini, meseji zote, namba na tarehe zionekane. Hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp uyatume kwenye barua pepe yako, pamoja na sauti alizokurekodia. Usifute meseji za muamala wa pesa, na omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Simu yenyewe usiibadilishe wala usimpe mtoto achezee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, ila hakimu hupima umetunzwaje na kama unaaminika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari liko mfukoni linatetemeka.

Mkataba wetu ulikuwa karatasi moja ya kaunta buku, sahihi mbili na mashahidi wawili. Yatosha. Hata mapatano ya mdomo ni mkataba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kama mmeridhiana kwa hiari na jambo lenyewe ni halali. Shida ya mdomo ni kuthibitisha tu. Kama unaandika, andika kilo, si gunia, maana gunia la rumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, na gunia la kawaida ni vitu viwili. Andika na ukavu unaoutaka, na siku ya mwisho ya kufikisha.

Sasa hesabu. Wengi hapa wanakosea kwa sababu wanakaa na hasira huku mteja anasubiri. Kifungu cha 73 cha sheria hiyo kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, lakini kinatazama pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza hasara hiyo. Maana yake, toka ukanunue kwingine, kwa bei ya soko, uchukue risiti. Mimi nilikuwa nimepatana shilingi 9,000 kwa kilo. Nikapata kwa mkusanyaji mwingine Muheza kwa 10,500. Tofauti ni 1,500 mara kilo 400, yaani 600,000. Ongeza gari 60,000 na arubuni yangu 1,200,000: jumla 1,860,000. Hilo ndilo deni, na kila tarakimu ina karatasi yake.

Nilitaka kumdai dalali pia hasara ya mteja wa Kariakoo aliyenikasirikia akahama. Msaidizi wa kisheria alinikatisha tamaa kwa upole: hasara ya mbali namna hiyo mahakama hailipi, labda kama dalali alijua tangu siku ya kupatana kwamba mzigo ni wa mteja huyo na akichelewa namkosa. Tangu hapo namtaja mteja kwenye mkataba. Na usijidanganye kuandika "akichelewa atalipa milioni kumi". Kifungu cha 74 kinampa hakimu nafasi ya kukulipa fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi mlichoandika.

Barua ya madai niliiandika mwenyewe, haikuzidi nusu ukurasa: "Tarehe fulani tulikubaliana uniletee kilo 400. Nilikulipa 1,200,000. Hukuleta. Nilinunua kwingine, risiti zimeambatishwa. Nakudai 1,860,000 ndani ya siku 14, la sivyo nitafungua shauri." Hakuna tusi, hakuna kiapo. Nilimpelekea mkononi mbele ya mtu, akasaini nakala yangu.

Usikimbilie polisi kwa kila kitu. Mtu aliyeshindwa kuleta mzigo ni wa madai, na watakuambia hivyo kaunta. Mtu aliyechukua pesa yako huku hana pilipili wala hakukusudia kuwa nayo, huyo ni mwingine: kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 kwa madai ya mkataba, lakini mashahidi wa sokoni hawakai miaka 6.

Kijana wa dukani alinifundisha mengine. Hakuiba simu ya oda wala hakuondoka na daftari. Alikuwa ameunganisha WhatsApp ya duka kwenye simu yake tangu akiwa kazini, kwa ruhusa yangu, maana oda za usiku alizijibu yeye. Alipoondoka sikumtoa. Majina, namba, nani ananunua nini na kwa shilingi ngapi, vyote alikuwa navyo.

Yakikufika haya, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, tenganisha vyote, kisha weka uthibitisho wa hatua mbili. Lakini picha ya orodha ya vifaa hivyo ipige kabla hujaitenganisha. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli peleka 15040. Ukienda polisi chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika.

Halafu waambie wateja, siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Nilichelewa siku mbili kwa aibu, na ndani ya siku hizo wateja wawili walituma 780,000 kwa namba ya tapeli. Niliwapa mzigo kwa bei niliyonunulia, sikuona uso wa kufanya vinginevyo.

Kuna na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024. Sheria yake, Na. 11 ya 2022, ilianza kazi Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, azilinde, na zikivuja aiarifu Tume bila kuchelewa. Usidhani ni ya mabenki tu. Namba 300 za wateja kwenye simu ya duka ni taarifa za watu.

Kama mtumishi bado yuko kazini, usimfukuze kwa hasira mbele ya wateja. Mpe tuhuma kwa maandishi, mpe saa 48 za kujiandaa, msikilize, andika alichosema. Ukiruka hatua hizo ana siku 30 za kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, na unaweza kushindwa hata kama mwizi ni yeye. Mimi sikuwa hata na mkataba wa ajira wa maandishi, na sheria ya kazi inautaka. Sasa ninao, na una mstari usemao wateja ni wa duka na siri zao hazitoki.

Simu ya oda siku hizi inalala kwenye droo yenye kufuli. Dalali alilipa kwa mafungu matatu, bila kufika mahakamani. Fungu la mwisho hakuwa na pesa, akaleta mdalasini. Niliupima mbele yake, nikaandika risiti, akasaini.