Namna ya kuwahi kazini wakati barabara inatanuliwa (kwa sisi wa Fuoni na wenzetu wa Bububu)

Jamaa zangu, mie nnakaa Fuoni, hapa Unguja, na kazi yangu ipo mjini, Malindi, na kipindi kile Mwanakwerekwe panajengwa daraja la juu nilichelewa kazini mpaka mkubwa wangu akanambia nihamie mjini, sasa nyumba ya kupanga mjini utaipata wapi kwa mshahara huu. Ikabidi nijifunze. Haya nnayoyaandika nimeyajaribu mwenyewe asubuhi hadi asubuhi, na kwa vile kila ukigeuka unakuta barabara nyengine inatanuliwa, naamini yatamfaa mtu.

Kwanza pajue pale panapobana. Wengi wetu tukikwama tunaangalia gari ya mbele yetu tu, tunapiga honi, kumbe yule naye hana pa kwenda, chanzo kipo mbele huko, pale upande mmoja umechimbwa na magari yote yanaingia njia moja. Chukua hesabu hii ndogo: kila dakika zinakuja gari 20, lakini pale panapobana zinapita 15. Kila dakika zinabaki tano. Ndani ya nusu saa zimeshajipanga gari 150, na alokuwa wa mwisho atasubiri dakika kumi nzima ndo apite, na hapo hakuna ajali, hakuna gari iloharibika, hakuna trafiki alosimamisha mtu. Alotoka nusu saa kabla yake kapita kama kawaida.

Ndo maana nasema kutoka dakika 20 mapema kunakuokolea zaidi ya dakika 20. Ofisi za serikali zinaanza saa moja na nusu, skuli nazo asubuhi hiyohiyo, kwa hivyo kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na robo mji mzima upo njiani. Mie ukishanipita wakati huo basi hata nikikimbia nimechelewa. Ukimaliza kusali alfajiri usirudi kitandani, chai ukanywe kazini, nguo pasi usiku. Saa kumi na mbili na robo mlango wangu umeshafungwa.

Wenzetu wa Bububu na Mtoni hili linawahusu zaidi kwa sababu nyie njia yenu ni ileile ya pwani, ikibana hamna pa kukwepea, saa ndo silaha yenu. Sisi wa Fuoni angalau tunaweza kukata Kiembe Samaki tukatokea Kilimani hadi Mnazi Mmoja badala ya kupitia Amani. Ni mbali zaidi, mafuta yanaliwa, lakini siku Amani imekamata unafika kabla ya along'ang'ania njia fupi. Ila vile vichochoro vya mitaani mie sivishauri kabisa. Unaingia mtaa wa watu, watoto wanacheza mlangoni, njia ya gari moja, mara unakutana na kerri, yaani lori, la mchanga uso kwa uso, na ukitoka huko unakuta umerudi nyuma ya palepale panapobana.

Jengine, ujue kazi imefika wapi, maana kila hatua ina foleni yake. Mwanzo wanahamisha nguzo za umeme na mabomba, hapo usumbufu mdogo, mara maji yakatike mara umeme. Wakija kukata miti na kumwaga kifusi ndo vumbi. Hatua mbaya kuliko zote ni kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, wanapochimba kuvuka barabara, kwa sababu lazima wakate nusu wajenge, halafu wahamie nusu ya pili, na hapo anasimama kijana na bendera nyekundu na kijani, upande mmoja unapita, mwengine unangoja. Ukiona yale mabomba makubwa ya zege ya kalvati yamepangwa pembeni, wiki hiyo badilisha njia bila kungoja kuambiwa. Na masika, yaani mwezi wa tatu mpaka wa tano, msitarajie lami, lami haitaki maji, hapo ni tope na mashimo, kwa hivyo ongeza dakika nyengine juu ya zile 20.

Wa daladala. Usipande gari kabla hujamuuliza utingo, "Unafika Darajani au unakatisha?" Muulize kwa jina la kituo kabisa, maana foleni ikizidi dereva anageuzia njiani ili awahi kurudi kuchukua abiria, na wewe umeshalipa. Mie siku nyengine nashuka mwenyewe, navuka kwa miguu pale panapobana, dakika saba au nane, halafu napanda gari nyengine mbele. Nauli mara mbili inauma, kweli, kwa hivyo nafanya hivyo siku ya mkutano au siku nnayotoa maombi ya jambo, si kila siku. Vituo navyo vinahamishwa bila kibao, waulize wanaouza urojo na mihogo jioni, wao ndo wanajua kimehamia wapi kwa sababu wateja wao wameondoka nacho.

Wenye Vespa na bodaboda, nawaombeni sana. Kokoto zikimwagwa juu ya lami ya zamani tairi haishiki, ukibana breki ya mbele ukiwa umekunja kona umeanguka tayari. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na pale lami mpya inapoishia kuna kingo, kama inchi mbili tatu hivi, usiipande kwa ubavu, ielekee moja kwa moja. Boza likishapita kumwaga maji vumbi linatulia, lakini ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni.

Watoto wa skuli ndo wananiumiza roho. Binti yangu anaondoka na ushungi mweupe pee, akifika kituoni una rangi ya chungu, na ananionesha kwa mikono yake alivyoufumba mdomo njia nzima. Siku hizi namuwekea ushungi wa pili ndani ya mfuko wa nailoni kwenye mkoba, anabadilisha akifika, na kitambaa kibichi cha kuziba pua. Kuvuka wanavuka pamoja, mkubwa mbele, na pale alipo mtu wa bendera tu. Kwenye mtaro kuna ubao mmoja uliolazwa, ule wa pembeni ya duka, unayumba katikati, nimewafundisha wapite mmoja mmoja.

Na kama nyumbani kuna mja mzito alokaribia, msingoje uchungu. Wifi yangu alishikwa saa moja asubuhi, foleni imekaa hata bodaboda inapenya kwa tabu, watu wakashuka kwenye magari yao wakawa wanatusogezea njia kwa mikono, mpaka leo nikikumbuka nasikia moyo unanienda mbio. Tulifika, alhamdulillah, lakini kwa bahati. Wiki mbili za mwisho mpelekeni kwa jamaa upande wa mjini. Mgonjwa wa kliniki ya kila mwezi muombeeni miadi ya saa nne asubuhi kwenda mbele.

Anosafiri na boti ya saa moja asubuhi alale mjini kama anaweza, na wa ndege ahesabu safari yake mara mbili. Ramadhani foleni inahamia alasiri, kila mtu anataka kufuturu kwake, na watu wana njaa na kiu, tuvumiliane, pale panapobana tuingie gari moja ya huku, moja ya kule.

La mwisho tunalolifanya mtaani kwetu. Tuna grupu la watu kumi na moja, si kubwa, hakuna kutumiana salamu wala vichekesho. Wa kwanza kutoka ni jirani mmoja mwenye Vespa, anauza samaki, anapita Mwanakwerekwe bado kiza. Akivuka tu anasimama pembeni anatuma voisi ya sekunde kumi: "Upande wa kulia wamekata, zungukeni Kiembe Samaki." Mie hapo ndo nnavaa viatu.