Osha vyombo, wazo litakuja

Kichwa kikigoma kutoa wazo, usikilazimishe. Nenda kaoshe vyombo, ila uoshe kweli: simu ibaki chumba kingine, redio izimwe. Sikia uvuguvugu wa maji mkononi, harufu ya sabuni, na ule mlio mdogo wa sahani mafuta yakishatoka, kidole kinapoanza kukwama badala ya kuteleza. Akili ikitoroka kwenda kwenye madeni au maneno ya jana (na itatoroka tu), irudishe kwenye sahani uliyoshika, bila kujigombeza.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walichapisha jaribio dogo la wanafunzi 51. Walioosha vyombo kwa umakini wa namna hiyo walieleza kuwa wasiwasi wao ulipungua kwa asilimia 27 na hamasa ya kiakili ikapanda kwa asilimia 25. Wenzao walioosha kimazoea hawakuona tofauti. Watu wenyewe ni wachache, kwa hiyo siyachukulii matokeo hayo kama sheria, lakini kujaribu hakugharimu kitu.

Weka kijidaftari na penseli karibu, pasipofika maji. Wazo likija, futa mkono, andika maneno matatu manne ya kukukumbusha, kisha rudi kwenye vyombo. Usianze kulichambua papo hapo; wazo changa likihojiwa mapema hunywea. Kufagia na kukunja nguo kunafaa vilevile. Kukatakata mboga sikushauri, kisu kinataka macho yote.