Paa la mtumba: jinsi ya kupata linaloingia kwenye gari lako

Taa ikikataa kuingia unairudisha dukani. Paa likishakatwa na kuchomelewa halirudi, kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla hujalipa.

Anza na namba. Jina la gari na mwaka havitoshi. Chukua Toyota Corolla ya kizazi kilichoanza mwaka 2000: sedani na Fielder, ambayo ni stesheni wagoni, zote zinaweza kuwa na chesisi inayoanza na NZE121, ila paa la Fielder linakwenda mpaka juu ya mlango wa buti. Tofauti iko kwenye kibati cha utambulisho, ambako kodi ya modeli (herufi na tarakimu zinazotaja aina ya gari) ya Fielder inasomeka NZE121G. Andika kodi yote bila kuacha herufi hata moja, pamoja na namba ya chesisi, kisha muuzaji aitumie kutafuta namba ya spea. Gari la milango miwili na la milango minne nayo yanaweza kuwa na jina moja na mapaa tofauti.

Halafu panda ngazi uliangalie paa lako kwa juu. Piga picha kila tundu: la antena (mbele au nyuma?), ya keria, na la sanrufu (dirisha la paa) kama lipo. Usinunue paa lenye sanrufu kwa nia ya kuziba tundu. Kwa ndani lina fremu na mirija ya kutoa maji kwenye kona, na bati utakaloziba nalo litacheza na kupasua rangi. Kinyume chake pia ni kibaya: kutoboa sanrufu kwenye paa zima kunakata mbavu zinazolishikilia.

Beba sumaku ndogo na futi kamba. Sumaku isiposhika popote, huenda paa ni la alumini, kama lilivyo kwenye Ford F-150 kuanzia toleo la 2015, na alumini haichomelewi kwenye chuma. Ikishika sehemu moja na kuteleza nyingine, hapo chini kuna puti, yaani lipu ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Bati lilishawahi kugongwa na kunyooshwa. Pima upana kwenye nguzo zinazobeba paa, za mbele, za kati na za nyuma, kisha urefu wa katikati kutoka ukingo wa kioo cha mbele hadi cha nyuma. Mwisho pima kona kwa kona kimshazari, mara mbili, kila mara kwa kona tofauti. Vipimo hivyo viwili vikipishana zaidi ya milimita 3 hivi, gari lililotoa paa lilipinda, hata kama rangi inang'aa.

Kutu inajificha sehemu mbili: chini ya mpira wa kioo cha mbele na chini ya ukanda wa pembeni unaofunika mfereji wa maji. Inua ukanda. Rangi ikiwa na malengelenge, bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, achana na paa hilo. Alama za mvua ya mawe hazionekani ukitazama kwa juu. Chuchumaa, jicho liwe usawa wa bati, utazame mwanga unavyopita juu yake.

Sasa kinachoharibu mapaa mengi mazuri: namna ya kukata. Bati la paa kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1, na kingo zake zimeshikwa kwa spoti (nukta za kuchomelea) nyingi ndogo kwenye ulimi mwembamba wa pembeni. Muuzaji akipitisha grainda kandokando ya mfereji, ulimi huo unakwenda na joto linalikunja bati. Mwambie mapema, tena kwa maandishi, akate nguzo sentimita 15 hadi 20 chini ya paa na akuachie mbavu za ndani. Kioo kitolewe kwanza kwa waya, kisipasuliwe kwa nyundo. Spoti atazitoboa fundi bodi wako mwenyewe, taratibu, kwa kekee ya spoti ya milimita 8. Kama gari lina eabegi za pembeni juu ya milango, betri itolewe na kusubiriwa dakika kadhaa kabla mtu hajagusa kitambaa cha dari. Eabegi za mtumba usizihesabu kama sehemu ya ununuzi.

Kubeba ni watu wawili, kila mmoja ameshika ncha yake kwenye kingo. Ukilibeba kwa kulishika katikati linapiga mkunjo, na mkunjo wa bati pana hauishi kwa kunyooshwa.

Likifika, lisafishe, fundi alitenge na nguzo, kisha lilaze juu ya paa la zamani ambalo bado halijaguswa. Kingo zilale pamoja, na kila tundu likae juu ya mwenzake. Kubaliana na muuzaji tangu mwanzo kwamba mpaka hatua hii, lisipolingana unarudisha. Grainda isiwashwe kwenye gari lako kabla ya hapo.