Akikujia mtu aliyebakwa

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kilifi, Kenya. Akikujia analia, mwambie kwanza: "Nakuamini. Si kosa lako." Usimhoji.

Kisha hospitali, hata kabla ya polisi. Asioge, na nguo zisifuliwe. Zitieni kwenye bahasha ya kaki, kwani mfuko wa plastiki hufungia unyevu na ushahidi huharibika. Ameshaoga? Mpeleke vilevile. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Za kuzuia mimba, mwisho saa 120.

Daktari ajaze fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, nanyi msiondoke bila nakala. Kituoni cha polisi dai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha.

Hapo ndipo wazee huja na "tuyamalize nyumbani", mbuzi na pesa mkononi. Kataeni katakata! Ubakaji ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Wakiwasumbua, pigeni 1195, simu ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni bure.

Kesi huahirishwa mara nyingi, na wengi huchokea hapo. Msindikize kortini kila tarehe. Nikimpitia mtu nyumbani, humuuliza kwanza kama analala na kula. Habari za kesi baadaye.